Kuanzisha swichi na kuifanya itambue matukio yenyewe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu hasa swichi za Cisco Catalyst zinazotumia IOS au IOS XE (programu endeshi za Cisco), yaani modeli za 2960, 2960-X, 3560, 3750, 3850 na 9200, kwa kuwa ndizo zinazokutwa kwenye raki nyingi za maofisi ya Dar es Salaam, ziwe mpya au zilizokwisha kutumika. Chapa nyingine zimeguswa mwishoni. Amri zimeandikwa kama zinavyochapwa kwenye swichi.

Swichi inatambua matukio gani yenyewe?

Karibu kila kinachobadilika ndani yake: poti kuwaka au kuzima, kebo kurudishwa kwenye swichi ileile, joto kupanda, mtu kuingia na kubadilisha mipangilio, simu ya mezani au kamera kuchomekwa, swichi yenyewe kuzimika na kuwaka upya. Kwa kila tukio huandika mstari mmoja wa logi, yaani kumbukumbu ya matukio. Tofauti ya swichi iliyopangwa na isiyopangwa ni kinachofuata baada ya mstari huo. Isiyopangwa huuacha kwenye kumbukumbu ya muda na umeme ukikatika mstari unapotea. Iliyopangwa huutuma kwenye seva, au huuchukua kama kichochezi na kutekeleza amri ulizoiandalia.

Kwenye Cisco kazi hiyo ya pili inafanywa na Embedded Event Manager, ambayo mafundi huiita EEM. Si kila swichi inayo, kwa sababu inategemea modeli, leseni na toleo la IOS. Chapa `show event manager version`. Ikijibu namba ya toleo, unayo. Ikikataa amri, utabaki na logi, SNMP (njia ya kufuatilia vifaa vya mtandao kutoka kompyuta nyingine) na `errdisable recovery` (poti iliyozimwa kwa kosa kujiwasha tena yenyewe), na ofisi ya watu thelathini inatosheka kabisa na hayo.

Nahitaji vifaa gani kuianzisha mara ya kwanza?

Laptopu, kebo ya konsoli, na programu ya PuTTY au inayofanana nayo. Kebo ya konsoli ni ile bapa, mara nyingi ya bluu, yenye kichwa cha RJ-45 upande mmoja na cha pini 9 upande wa pili. Laptopu za siku hizi hazina tundu la pini 9, kwa hiyo utahitaji adapta ya kwenda USB. Hapo ndipo wengi hukwama. Adapta za bei ya chini zinazouzwa Kariakoo mara nyingi zina chipu ya PL2303 ya zamani au ya bandia, na draiva mpya za Windows huikataa: kifaa kinaonekana kwenye orodha kikiwa na alama ya njano, lakini hakifanyi kazi. Nunua yenye chipu ya FTDI, au ijaribu kwenye laptopu yako palepale dukani kabla ya kulipa.

Mipangilio ya PuTTY: Serial, kasi 9600, data biti 8, stop biti 1, parity hakuna, flow control hakuna. Hiyo ya mwisho husahaulika sana, kwa sababu PuTTY huja ikiwa na XON/XOFF. Kioo kikionyesha herufi za ajabu, kasi si sahihi. Huenda mwenye swichi wa zamani aliibadilisha, basi jaribu 115200. Modeli kama 2960-X zina pia tundu la konsoli la mini-USB. Ukichomeka kebo zote mbili, USB ndiyo inayopewa kipaumbele na ile ya RJ-45 inakaa kimya, hata ukidhani imekufa.

Je, naweza kuianzisha bila kebo ya konsoli?

Kwenye familia ya 2960, ndiyo, kwa njia ya Express Setup. Iwashe bila kebo yoyote ya mtandao na usubiri taa ya SYST iache kupepesa na kubaki kijani. Bonyeza kitufe cha Mode kama sekunde 3 mpaka taa za pembeni yake ziwake kijani zote, kisha chomeka laptopu kwenye poti inayoelekezwa. Laptopu itapewa anwani, nawe utafungua `10.0.0.1` kwenye kivinjari.

Ukibonyeza na taa zikaanza kupepesa, maana yake swichi ina mipangilio ya zamani. Ukiendelea kushikilia mpaka sekunde 10 itafuta mipangilio hiyo na kuwaka upya. Ndiyo maana raki iliyo mahali watu wanapita ifungwe kwa kufuli, au kitufe kizuiwe kwa amri `no setup express`.

Nimenunua swichi iliyotumika. Nifute nini kabla ya kuiunganisha ofisini?

Vitu viwili, na cha pili ndicho hatari.

```
write erase
delete flash:vlan.dat
reload
```

`write erase` hufuta mipangilio ya kuwasha, lakini orodha ya VLAN (mitandao iliyotenganishwa ndani ya swichi moja) inakaa kwenye faili lake, `vlan.dat`. Faili hilo likibaki na jina la kikoa cha VTP (itifaki ya swichi kugawana orodha ya VLAN) likalingana na la ofisini kwako, swichi hii yenye namba kubwa zaidi ya marekebisho inaweza kuzifunza swichi nyingine orodha yake na kufuta VLAN zako zote ndani ya sekunde chache. Ofisi nzima inakosa mtandao na hakuna kebo iliyoguswa. Baada ya kuwaka upya, chapa `show vtp status` uhakikishe namba ya marekebisho ni 0, kisha weka `vtp mode transparent`. Kwa ofisi yenye swichi mbili au tatu hakuna faida ya VTP inayozidi hatari yake.

Kama nenosiri halijulikani, zima swichi, shikilia Mode huku ukirudisha umeme, na kwenye alama ya `switch:` chapa `flash_init`, kisha `rename flash:config.text flash:config.zamani`, kisha `boot`. Hii ni kwa 2960, 3560 na 3750. 3850 na 9200 zina utaratibu wao.

Inaniuliza “Would you like to enter the initial configuration dialog?” Nijibu nini?

Jibu `no`. Maswali yale hayakupi SSH (njia salama ya kuingia kwa mbali), hayakupi saa wala logi, na mwisho utalazimika kuyarudia mengi kwa mkono. Weka msingi huu, ukibadilisha anwani na majina:

```
enable
configure terminal
hostname SW-GHOROFA3
enable secret NENOSIRI-LA-KWANZA
username fundi privilege 15 secret NENOSIRI-LA-PILI
vlan 99
 name USIMAMIZI
interface vlan 99
 ip address 192.168.99.13 255.255.255.0
 no shutdown
ip default-gateway 192.168.99.1
ip domain-name ofisi.local
crypto key generate rsa modulus 2048
ip ssh version 2
line con 0
 transport preferred none
line vty 0 15
 login local
 transport input ssh
 transport preferred none
end
write memory
```

Ukikuta `interface vlan 99` inabaki chini hata baada ya `no shutdown`, usitafute kosa kwenye anwani. Kiolesura cha VLAN hakiwaki mpaka kuwe na angalau poti moja iliyo hai inayobeba VLAN hiyo, ama poti ya kawaida ama tranki (poti inayobeba VLAN nyingi) iliyoiruhusu.

`transport preferred none` huzuia ule usumbufu wa swichi kutafuta kwenye DNS (huduma ya kugeuza majina kuwa anwani) kila neno ulilokosea kuchapa. Wengi hutumia `no ip domain-lookup` kwa lengo hilohilo. Inafanya kazi, ila inaua pia uwezo wa swichi kutafuta seva ya saa kwa jina, na tatizo hilo huonekana miezi mingi baadaye.

Kwa nini logi zangu zinaonyesha Machi 1993?

Kwa sababu swichi nyingi za familia hii hazina betri ya kutunza saa. Kila ikiwaka huanza tarehe 1 Machi 1993, na huweka nyota mbele ya tarehe kuonyesha kwamba haiiamini. Umeme ukikatika mara tatu kwa wiki utakuwa na matukio ya “Machi 1” matatu yasiyojulikana yapi ni ya lini. Kwa maoni yetu hili ndilo la kwanza kurekebisha, kabla hata ya kuwaza EEM, maana tukio lisilo na saa halina thamani kwa yeyote anayechunguza.

```
clock timezone EAT 3 0
ntp server 192.168.99.1
service timestamps log datetime msec localtime show-timezone
logging buffered 64000
logging host 192.168.99.5
logging trap notifications
```

Elekeza NTP (huduma ya kusawazisha saa) kwenye ruta yako kwa namba, na ruta ndiyo ichukue saa nje, kwa mfano `africa.pool.ntp.org`. Hivyo intaneti ikikatika vifaa vyako vyote vinabaki na saa moja. Hakikisha kwa `show ntp status`. Ikisema `unsynchronized` subiri dakika kumi hivi kabla ya kuanza kuhangaika.

Bafa ya kawaida ni baiti 4096, inayojaa kwa mistari michache tu, ndiyo maana tumeipandisha hadi 64000. Hata hivyo bafa iko kwenye RAM, na umeme ukiondoka inaondoka nayo. Seva ya logi inaweza kuwa kompyuta yoyote ya zamani yenye Linux na rsyslog, ikisikiliza poti ya UDP 514, mradi iwe kwenye UPS ileile ya raki.

Jambo la kuwaonya wanaosoma ripoti: logi huandika saa za mfumo wa 24. Kilichoandikwa 02:10 ni saa nane na dakika kumi usiku. Mlinzi akisema mtandao ulikatika “saa mbili usiku”, tafuta 20:00.

Inapowaka inajaza kioo kwa “Error opening tftp://255.255.255.255/network-confg”. Imeharibika?

Haijaharibika. Swichi isiyo na mipangilio hujaribu kujipanga yenyewe: inaomba anwani kwa DHCP kupitia VLAN 1, kisha inatafuta faili la mipangilio kwenye seva ya TFTP. Isipoambiwa seva ni ipi inapiga kelele mtandao mzima. Kama umeshaipanga na bado inafanya hivyo, chapa `no service config` kisha hifadhi.

Tabia hiyo ina faida kama unafunga swichi ishirini kwenye jengo moja. Weka seva ya DHCP yenye chaguo la 150, yaani anwani ya TFTP, na la 67, yaani jina la faili. Kila swichi itajivuta mipangilio ya msingi ikiwashwa tu. Modeli mpya zina pia wakala wa Plug and Play anayetafuta seva yake kwa chaguo la 43 au kwa jina `pnpserver` kwenye kikoa chako. Kwa swichi mbili au tatu, muda wa kuandaa seva ni mrefu kuliko wa kuchapa mistari ishirini kwa mkono.

Na Smart Install?

Ni huduma ya Cisco ya kupanga swichi mpya kwa mbali. Izime. Chapa `no vstack`, kisha `show vstack config` uthibitishe. Huduma hii husikiliza poti ya TCP 4786 bila kuuliza nenosiri lolote, na mtu akiifikia anaweza kunakili au kubadilisha mipangilio. Udhaifu wa CVE-2018-0171 ulitangazwa Machi 2018, na Aprili ya mwaka huohuo swichi nyingi nchini Iran na Urusi zilifutwa mipangilio na kuachiwa ujumbe wenye bendera ya Marekani. Swichi zilizotumika zinazoingia sokoni kwetu nyingi ni za kizazi hichohicho na hazijawahi kusasishwa.

Nianze na EEM ya aina gani?

Anza na apleti (kanuni fupi ya EEM yenye tukio na hatua zake) inayoripoti tu, isiyogusa kitu. Mfano huu unafuatilia poti ya 24 iendayo swichi kuu:

```
event manager applet KIUNGO-CHINI
 event syslog pattern "LINEPROTO-5-UPDOWN: Line protocol on Interface GigabitEthernet1/0/24, changed state to down" ratelimit 60
 action 010 cli command "enable"
 action 020 cli command "show interfaces GigabitEthernet1/0/24 | append flash:tukio.txt"
 action 030 syslog priority critical msg "Kiungo kikuu Gi1/0/24 kimekatika"
```

Kila sehemu ya mistari hiyo ina sababu yake.

Ruwaza imeandikwa ndefu makusudi. Poti ikizima swichi hutoa mistari miwili, mmoja wa LINK na mmoja wa LINEPROTO. Ukiandika “changed state to down” pekee, apleti itaamka mara mbili kwa kila poti ya swichi nzima. Mkato baada ya namba ya poti nao una kazi: bila huo, ruwaza ya `1/0/2` itashika pia 1/0/20 mpaka 1/0/24.

Lebo ni 010, 020, 030 na si 1, 2, 3. EEM hupanga hatua kwa mpangilio wa herufi, si wa hesabu, kwa hiyo hatua ya 10 hutangulia ya 2. Apleti yenye hatua tisa hufanya kazi vizuri, siku unapoongeza ya kumi inavurugika, na ukiisoma huoni kosa lolote.

`priority critical` imewekwa kwa kuwa ujumbe wa EEM usipotajiwa daraja la uzito hutoka kwa daraja la 6 (namba ikiwa ndogo, uzito ni mkubwa), ilhali `logging trap notifications` huruhusu mwisho la 5. Ungeuona kwenye swichi lakini usingefika kwenye seva kamwe.

`ratelimit 60` ni kwa ajili ya kebo iliyolegea inayowaka na kuzima kila sekunde.

Halafu kuna swali ambalo watu huchelewa kujiuliza: ujumbe huo utatokaje kama kiungo kilichokatika ndicho pekee? Hautatoka. Ndiyo maana apleti inaandika pia kwenye flash, na ndiyo maana apleti ya namna hii ni bora iwekwe kwenye swichi kuu, upande ambao bado una njia ya kuifikia seva.

Nataka swichi izime na kuwasha kamera iliyoganda. Inawezekana?

Inawezekana, kama kamera inapata umeme kwa PoE (umeme unaopita kwenye kebo ya mtandao) kutoka kwenye swichi hiyo. Ukizima poti, umeme wa PoE nao unakatika.

```
event manager applet KAMERA-LANGO
 event timer watchdog time 300 maxrun 60
 action 010 cli command "enable"
 action 020 cli command "ping 192.168.20.31 repeat 5 timeout 1"
 action 030 regexp "Success rate is 0 percent" "$_cli_result"
 action 040 if $_regexp_result eq "1"
 action 050  cli command "configure terminal"
 action 060  cli command "interface GigabitEthernet1/0/8"
 action 070  cli command "shutdown"
 action 080  wait 10
 action 090  cli command "no shutdown"
 action 100  cli command "end"
 action 110  syslog priority warnings msg "Kamera ya lango imezimwa na kuwashwa"
 action 120 end
```

Kila dakika 5 swichi inaipigia kamera pingi tano. Zote zikipotea inakata umeme kwa sekunde 10. Kikomo cha kawaida cha apleti ni sekunde 20. Hapa pingi zinakula 5 na kusubiri 10, ukiongeza muda wa amri zenyewe unagota ukutani. Ikikatizwa katikati, poti inabaki imezimwa na kamera haiwaki tena. Kwa sababu hiyo `maxrun 60` ni ya lazima.

Kasoro ya apleti hii ni kwamba kamera ikiwa imeungua kweli itaendelea kuzimwa na kuwashwa kila dakika 5 mpaka mtu aje. Soma logi za onyo kila asubuhi. Jirudio la zaidi ya mara mbili au tatu kwa siku ni tatizo la kebo, la maji kwenye kiungio cha nje, au la bajeti ya PoE.

Kuhusu bajeti: poti moja ya PoE ya kiwango cha 802.3af inaweza kutoa wati 15.4 na ya 802.3at wati 30, lakini jumla ya swichi ina kikomo chake. Swichi ya wati 370 haiwezi kuzipa poti 48 wati 15.4 kila moja, kwa kuwa zingehitajika kama 739. Angalia `show power inline`, mstari wa juu, kabla ya kuongeza kamera.

Apleti yangu imesajiliwa lakini haifanyi kitu. Nitazame wapi?

Kwanza `show event manager history events`. Kama tukio halipo humo, ruwaza haijalingana: linganisha na mstari halisi kwenye `show logging`, herufi kwa herufi. Pia hakikisha poti haina `no logging event link-status`, maana EEM haiwezi kushika mstari usioandikwa.

Kama tukio lipo lakini amri hazikutekelezwa, washa `debug event manager action cli` na uamshe tukio tena. Sababu za kawaida ni hizi. Umesahau hatua ya `enable`. Swichi inatumia AAA (ukaguzi wa watumiaji na ruhusa zao) yenye kuidhinisha kila amri, na EEM haina jina la mtumiaji. Weka `event manager session cli username fundi`. Laini zote za vty (nafasi za kuingia kwa mbali) zimekaliwa na watu waliosahau kutoka, na EEM huhitaji moja ili kuchapa amri. Weka `exec-timeout 10 0`. Au amri uliyoandika huuliza uthibitisho, kama `copy` au `delete`, na hakuna wa kujibu. Hapo `file prompt quiet` inasaidia.

Kujaribu bila kung’oa kebo, matoleo mengi yana `send log`, inayokuruhusu kuingiza mstari wa logi wa kujitungia wenye maneno ya ruwaza yako.

Apleti inaweza kuiangusha swichi?

Inaweza kuichosha mpaka isifikike. Njia rahisi kuliko zote ni apleti ambayo ujumbe wake wenyewe una maneno ya ruwaza yake: inajiamsha bila mwisho. Ya pili ni inayosikiliza `SYS-5-CONFIG_I` halafu yenyewe ikaingia `configure terminal`. Ikitoka inaandika CONFIG_I nyingine.

Kuna inayopendwa sana, ya kuhifadhi mipangilio kila mtu anapobadilisha kitu, ili umeme usipoteze kazi. Hatuipendekezi. Fundi mwangalifu anayefanya kazi kwa mbali huanza na `reload in 10`. Akijifungia nje, swichi inawaka upya baada ya dakika 10 na kurudi ilivyokuwa, na akifaulu anachapa `reload cancel`. Apleti ya kuhifadhi yenyewe huhifadhi na lile kosa, kwa hiyo swichi inawaka upya ikiwa imefungwa vilevile.

Mtu amechomeka kebo pande zote mbili na ofisi nzima imesimama. Swichi inaweza kuzuia?

Hii haihitaji EEM hata kidogo. Kwenye poti za mezani weka:

```
interface range GigabitEthernet1/0/1 - 22
 switchport mode access
 spanning-tree portfast
 spanning-tree bpduguard enable
 storm-control broadcast level 5.00
exit
errdisable recovery cause bpduguard
errdisable recovery interval 300
```

Lupu (mzunguko wa kebo) ikitokea kupitia kiswichi cha mezani cha poti 5, swichi yako inapokea BPDU (ujumbe ambao swichi hutumiana ili kugundua lupu) yake yenyewe na kuizima poti ile, ikiandika `PM-4-ERR_DISABLE`. Baada ya sekunde 300 inajaribu tena. Viswichi vingine humeza BPDU, ndipo `storm-control` inapookoa. Dalili nyingine ya lupu ni `MACFLAP_NOTIF`, inayotaja anwani na poti mbili inazorukaruka. Anzia kufuatilia kebo za poti hizo.

`portfast` inaondoa pia sekunde 30 za kusubiri ambazo hufanya kompyuta kukosa anwani ya DHCP ikiwashwa.

Auto Smartports ni nini, na niiwashe?

Ni kazi ya swichi kutambua kilichochomekwa kwa CDP au LLDP (itifaki ambazo vifaa hujitambulisha kwazo) au kwa anwani ya MAC, kisha kuipanga poti ipasavyo: simu inapewa VLAN ya sauti, swichi inapewa tranki, na kadhalika. Inawashwa kwa `macro auto global processing`. Inafaa ofisi ya simu nyingi zinazohamahama. Kwingine huleta mshangao, kwani poti inapata mistari ambayo hakuna mtu aliyeichapa. Ukiona `macro description` usiyoitambua ndani ya `show running-config`, chanzo ni hicho. Poti ya kiungo kikuu iondoe kwa `no macro auto processing`.

Taa ya poti ya mtoa huduma ni kijani lakini intaneti hakuna. Mbona swichi haikugundua?

Kwa sababu poti inajua hali ya kebo yake tu, mpaka kwenye kifaa cha upande wa pili. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti kuzorota nchini, taa kwenye raki za Dar es Salaam zilibaki kijani. Tukio kama hilo hushikwa kwa kupima safari yenyewe:

```
ip sla 1
 icmp-echo 1.1.1.1
 frequency 30
ip sla schedule 1 life forever start-time now
track 1 ip sla 1 reachability
 delay down 90 up 60
```

Kisha apleti inaandikwa `event track 1 state down`. Weka na kipimo cha pili kinacholenga lango la mtoa huduma. Cha kwanza kikianguka peke yake tatizo liko mbele ya mtoa huduma. Vyote viwili vikianguka, ni faiba ya mtaani au kifaa chake. Ukimpigia simu una cha kumwambia. Swichi za 2960 hazina IP SLA ya kutuma vipimo, kwa hiyo hii iweke kwenye ruta au swichi ya tabaka la 3 (inayoelekeza pakiti kama ruta).

Swichi inaweza kunijulisha umeme umekatika?

Yenyewe haiwezi, maana inakufa papohapo. Labda iwe na pawa saplai mbili. Inachoweza ni kutoa `SYS-5-RESTART` ikiwaka, na `show version` itasema ilirudi kwa `power-on`. Ukitaka apleti itume barua pepe kwa mstari huo, weka `wait 120` kwanza na `maxrun 200`, kwa kuwa mtandao haujawa tayari. Kumbuka pia EEM za zamani hutuma barua bila usimbaji, na seva za barua za mtandaoni kama Gmail huzikataa. Tumia seva ya ndani, au iachie kazi hiyo kompyuta ya rsyslog, ambayo inaweza kupeleka hata Telegram.

Umeme ukikatika, kompyuta zisizo na UPS huzima zote kwa pamoja, na swichi iliyo kwenye UPS inaandika mistari hamsini kwa mpigo. Kwa hiyo usitume tahadhari kwa kila poti ya mezani. Viungo vikuu, seva na kinasa cha kamera vinatosha.

Joto la Dar es Salaam linahusikaje?

Nyingi za swichi hizi zimepangiwa kufanya kazi mpaka nyuzi 45 za hewa inayoizunguka. Kati ya Desemba na Machi, stoo isiyo na kiyoyozi yenye UPS na kinasa cha kamera ndani ya kabati lililofungwa inafika huko mchana. Angalia `show env all`. Maeneo ya karibu na bahari, kama Msasani na Kigamboni, chumvi hula pini za RJ-45, na poti huanza kuongeza CRC (hesabu ya data iliyoharibika njiani) kwenye `show interfaces` wiki kadhaa kabla ya kukatika. Badilisha kebo fupi ya raki kwanza, ndiyo ya bei ndogo.

Nina MikroTik au TP-Link. Haya yananisaidia?

Mpangilio wa kazi ni uleule: jina, nenosiri, saa, logi kwenda nje, halafu matukio. MikroTik huanzia `192.168.88.1`, na za karibuni zina nenosiri kwenye stika yake, kwa hiyo usiibandue. Kazi ya pingi inayowasha hati hufanywa na Netwatch. Swichi za TP-Link zenye mipangilio hutuma logi na SNMP, na za familia ya Omada husimamiwa kutoka kwa kidhibiti chake. Kiswichi kisicho na mipangilio hakitambui kitu. Kichomeke kwenye poti yenye `bpduguard` na `storm-control`, na kisiwekwe katikati ya mtandao.